Kabla ya Kumlaumu Mzazi, Tuulize Zahanati Ilifungwa Saa Ngapi

Lawama hii imezoeleka mijini: wazazi wanambeba mtoto mwenye mafua na kumkimbiza hospitali kubwa usiku, wanajaza idara ya dharura, na majeruhi wa ajali anacheleweshwa. Wahudumu wanaosema hivyo wamechoka kweli, na uchovu wao una haki. Hata hivyo, naona wanamlaumu asiyehusika.

Kwa mpangilio wa huduma zetu Tanzania, mtoto mwenye homa huanzia zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Hospitali za rufaa za mkoa, kama Amana, Temeke na Mwananyamala za Dar es Salaam, huja baadaye. Mpango ni mzuri, ila homa ya mtoto haifuati saa za kazi. Zahanati nyingi za serikali hufunga huduma za wagonjwa wa nje alasiri. Mama anayeuza samaki soko la Feri au anayeshinda kiwandani hurudi nyumbani magharibi, na hapo ndipo anapomshika mtoto na kugundua anachemka. Ikifika saa tatu usiku mtoto amegoma kula, analia bila kutulia, na jirani ameshalitaja degedege. Likishatajwa hilo, bodaboda inaitwa.

Tukumbuke pia tuliyomfundisha wenyewe. Kwa miaka mingi kampeni za malaria zimemhimiza mzazi asikae na mtoto mwenye homa, amwahishe kwa wataalamu ndani ya saa 24. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwaka 2000 walitaka wagonjwa wa malaria watibiwe ndani ya muda huohuo. Wito ule ulikuwa sahihi, maana malaria kali humwangusha mtoto kwa saa chache. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliochunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta takriban 7 kati ya 10 wana maambukizi ya virusi, na malaria kwa 1 hivi kati ya 10. Maambukizi mengi ya namna hiyo huisha yenyewe kwa kunyonya, maji ya kutosha na dawa ya kushusha homa. Sasa mzazi atajuaje, usiku ule, kama mwanawe yumo kwenye wale 7?

Yapo anayoweza kuyajua, na hapa ndipo tumemnyima. Mtazame muuguzi wa mapokezi ya dharura. Humfunua mtoto kifua, husubiri atulie, kisha huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa kuanzia mwaka 1 hadi chini ya 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi. Huuliza kama mtoto ananyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea au haamki. Ikipatikana dalili moja tu kati ya hizo, mzazi asisubiri kupambazuke. Mama mwenye simu yenye saa anaweza kuhesabu pumzi. Kila anapompeleka mtoto kliniki kupima uzito hukaa foleni ndefu, na foleni ile ingetosha kabisa kumfundishia.

Hata akifundishwa, bado anahitaji pa kwenda. Aliyefika zahanati mchana akaambiwa dawa akanunue nje, mara nyingine ataipita tu. Kwa sera yetu mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo mzazi huchagua pale penye daktari, maabara na dawa usiku kucha. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Anayeumia ni yule mtoto anayehema kwa shida, aliyekwama nyuma ya foleni ya mafua.

Halmashauri za miji zianze na zahanati moja kwa kila kata yenye watu wengi. Ibaki wazi hadi saa sita usiku, iwe na tabibu, kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, dawa ya homa ya watoto na chumvi ya kuongeza maji mwilini kwa anayeharisha, na saa zake zibandikwe mlangoni na kutangazwa mtaani. Hadi hilo lifanyike, mwacheni mama aende Amana.