Injini Isiwe Hakimu Pekee wa Petroli

Dereva anayepanda mlima wa Kitonga, katika barabara ya kwenda Iringa, akiwa na gari la petroli lililosheheni mizigo na gia isiyofaa, huweza kusikia sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema injini inagonga. Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyozaa mojawapo ya makosa makubwa ya sayansi ya karne ya 20. Yafaa mwalimu wa kemia na wanafunzi wake waijue asili yake, kwa sababu kosa lenyewe halikutokana na ujinga. Lilitokana na kuuliza swali jema na kuishia hapo.

Katika injini ya petroli, pistoni hushindilia mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, kisha cheche ya plagi huuwasha. Moto unapaswa kuanzia penye plagi na kuenea kwa utaratibu hadi pembeni mwa silinda. Lakini gesi inayoshindiliwa hupata joto. Sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi, ikizidiwa na joto na shinikizo, hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto. Mlipuko huo hupiga kuta za silinda, na ndio unaosikika. Ukiachwa uendelee, huweza kuharibu gasketi na hata kutoboa pistoni.

Mtu aweza kuuliza: mbona mgandamizo usipunguzwe? Jibu ni kwamba injini inayoshindilia zaidi hupata kazi kubwa zaidi kutokana na kiasi kile kile cha mafuta. Kwa hiyo panahitajika petroli yenye kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo. Ustahimilivu huo hupimwa kwa oktani. Katika kipimo hicho isooktani imepewa namba 100, na heptani imepewa sifuri. Petroli ya oktani 95 ni ile inayostahimili sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani kwa ujazo.

Ni dhahiri basi kwamba oktani haipimi nguvu iliyomo ndani ya petroli, ingawa madereva wengi hudhani hivyo. Gari lililoundwa kutumia oktani 91 likitiwa petroli ya 95, kwa kawaida halipati faida yoyote. Mwenye faida ni muuzaji. Kinyume chake, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushuka oktani, na injini huanza kugonga. Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, ili kuikomesha biashara hiyo ya uchakachuaji. Katika jambo hili injini ni shahidi mwaminifu: ikipewa mafuta mabaya, hulalamika.

Lakini shahidi huyo ana upungufu mmoja. Hulalamikia madhara yake mwenyewe tu.

Mwezi Desemba 1921, Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors huko Dayton, Marekani, alitia katika petroli kimiminika kiitwacho tetraethili ya risasi, na injini iliyokuwa ikigonga ikanyamaza. Kiasi kilichohitajika kilikuwa kidogo sana, chini ya gramu 1 ya risasi kwa lita. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Risasi iliyobaki ndani ya silinda ilichafua plagi na valvu, lakini tatizo hilo nalo lilipatiwa ufumbuzi: ziliongezwa kemikali zenye bromini na klorini, ambazo hushikana na risasi katika joto la moto na kuigeuza mvuke, ili itoke pamoja na moshi.

Hapa mwanafunzi asimame na kutafakari. Wahandisi walitambua kwamba risasi haifai kubaki ndani ya injini, wakaifagia nje. Nje ni wapi? Ni katika vumbi la barabara, katika bustani za mboga, na katika mapafu ya watoto wanaocheza kando ya njia. Chuma kilihurumiwa kuliko damu.

Haiwezi kusemwa kwamba sumu ya risasi ilikuwa haijulikani. Ilifahamika tangu zama za kale. Mwezi Oktoba 1924 wafanyakazi watano waliokuwa wakishughulika na kemikali hiyo huko Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kupatwa na wazimu na mitukutiko, na wengine wengi walilazwa. Katika mkutano uliofanyika Washington mwezi Mei 1925, wataalamu kama Alice Hamilton na Yandell Henderson walitoa onyo bayana. Hata hivyo, kamati iliyoundwa baada ya mkutano huo ilieleza mwaka 1926 kwamba haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku. Wala haikuwa kweli kwamba hapakuwa na njia nyingine. Ethanoli ilijulikana tayari kuwa huzuia kugonga, na Midgley mwenyewe alikuwa amekwisha kuifanyia majaribio. Lakini ethanoli ilihitajika kwa wingi, na mtu yeyote mwenye mtambo wa kutonesha pombe angeweza kuitengeneza.

Majuto ni mjukuu, na katika jambo hili wajukuu ndio walioyabeba. Mwaka 1965 Clair Patterson, mwanakemia aliyekuwa ameukadiria umri wa dunia kwa kupima risasi katika vimondo, alionyesha kwamba risasi iliyomo katika miili ya watu ilizidi mno kiwango cha asili. Marekani ilipoanza kupunguza risasi katika petroli, risasi katika damu ya wananchi wake ilishuka kwa wastani wa asilimia 37 kati ya mwaka 1976 na 1980. Lakini inasikitisha kwamba petroli isiyo na risasi ilienea huko kwanza kwa ajili ya chombo: magari ya kuanzia toleo la mwaka 1975 yalifungwa kifaa cha kusafisha moshi chenye kichocheo cha platinamu, na risasi hukiharibu kichocheo hicho. Mara nyingine tena, kifaa kilisikilizwa kabla ya mtoto.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia mjini Dakar, mwezi Juni 2001, kuiondoa risasi katika petroli, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa imetekelezwa. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari, mwezi Julai 2021. Mwezi uliofuata Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, lilitangaza kwamba zama hizo zimekwisha. Zilikuwa zimedumu karibu miaka 100.

Je, somo limeeleweka? Kemikali iitwayo MTBE, iliyotumika mahali pa risasi, iliifaa injini vizuri, lakini huyeyuka upesi katika maji. Ilipovuja kutoka katika matangi yaliyofukiwa ardhini, visima vya mji wa Santa Monica, California, vilifungwa mwaka 1996, na jimbo hilo likaipiga marufuku kuanzia mwaka 2004. Ethanoli nayo haisameheki kuulizwa: hunyonya maji, nishati yake kwa lita ni pungufu kwa takriban theluthi moja, na shamba la kuizalisha huweza kuwa lile lile lililolimwa chakula.

Hata leo, chupa za "dawa ya petroli" hupangwa katika maduka ya vipuri, na mnunuzi huuliza kama gari litavuta vizuri. Swali hilo ni halali, lakini ni nusu ya swali. Shuleni, mlinganyo wa mwako wa haidrokaboni huandikwa ubaoni kwa kaboni dayoksaidi na maji peke yake, kana kwamba hakuna kingine kilichoingia wala kutoka. Mwalimu na aongeze mstari mmoja chini yake: kila atomu iliyotiwa katika tangi, isipobaki ndani ya injini, itatoka nje. Atomu ya risasi haiungui ikatoweka. Mwanafunzi atakayezoea kuuliza inakwenda wapi, na nani atakayeivuta, atakuwa ameuliza swali ambalo injini haiwezi kumwulizia.