Kura Si Kamari

Maneno yanayoniudhi kuliko yote katika mijadala yetu ya afya ni "panya wa maabara". Yakishatamkwa, mazungumzo yamekwisha: watafiti wamepiga kura nani apate tiba na nani akose, kwa hiyo wamecheza kamari na maisha yetu. Mimi nasema kamari ilikuwapo kabla yao, ila ilichezwa bila mtu kuhesabu.

Tazama jaribio la FEAST, lililofanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto wenye homa kali ambao damu yao haikuzunguka vizuri. Katika nchi tajiri, tiba ya dharura ilijulikana: wamiminie maji ya mshipani, mengi, haraka. Nani angethubutu kuhoji? Watoto 3,141 wakagawanywa kwa kura. Kundi moja lilimiminiwa maji ya chumvi, la pili albumini, la tatu halikumiminiwa. Tiba nyingine zote walipata sawa.

Hilo kundi la tatu ndilo ambalo wenzangu wangeliandamania. Ndani ya saa 48 walifariki watoto 7 katika kila 100 wa kundi hilo. Katika makundi yaliyomiminiwa walifariki kati ya 10 na 11. Kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri kazi isimame mapema, Januari 2011, kabla ya kufikia watoto 3,600 waliopangwa.

Linalonitisha ni hili: saa moja baada ya kumiminiwa, watoto wengi zaidi wa makundi ya maji walionyesha nafuu. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba ameokoa maisha. Mtoto akifa usiku, lawama ni ya ugonjwa, si ya dripu. Hata uzoefu wa miaka 30 usingeligundua hilo, maana mzoefu hana wa kumlinganisha naye.

Na ukimwachia achague mwenyewe? Atampa maji aliyezidiwa, amwache mwenye ahueni, kisha hutajua kilichoua ni ugonjwa au tiba. Ndiyo maana jibu la kura hufichwa hadi mtoto awe ameshaandikishwa. Huruma nayo huharibu hesabu.

(Watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara hawakuwamo katika jaribio. Hao wapewe maji, tafadhali.)

Mkitaka kugombana na watafiti, gombaneni juu ya idhini. Katika FEAST, baadhi ya wazazi waliombwa ridhaa ya mdomo kwanza, maandishi yakafuata baada ya hali kutulia. Mama aliyebeba mtoto mahututi anaelewa nini katika maelezo ya dakika mbili? Hapo nitakaa upande wenu, tubishane nao hadi usiku wa manane. Lakini anayetaka kila mtoto apewe "kilicho bora" bila kura, aniambie kwanza: mwaka 2008, kabla ya jaribio hilo, yeye angempa nini?