Ishara Moja, Maana Nyingi: Funzo la Mwandiko wa Kikabari

Imezoeleka kudhaniwa, hata miongoni mwa wanafunzi wa isimu, kwamba mfumo bora wa maandishi ni ule ambao kila ishara ina sauti moja pekee. Kwa kigezo hicho, mwandiko wa kikabari, uliozuka kusini mwa Mesopotamia (Iraq ya leo) takriban mwaka wa 3300 KK, huonekana kuwa vurugu tupu. Dhana hii haina budi kupingwa.

Mfano bora ni ishara iliyoanza kama mchoro wa nyota. Katika Kisumeri ilisomwa *an*, yaani mbingu, na pia *dingir*, yaani mungu. Isitoshe, ilitangulia majina ya miungu kama kitambulishi kisichotamkwa. Waakadi, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kisemiti, walipouazima mwandiko huo waliirithi ishara pamoja na mzigo wake. Waliisoma *shamu*, yaani mbingu, neno lenye asili moja na lile la Kiarabu lililokipa Kiswahili *samawati*. Waliisoma pia *ilu*, yaani mungu. Fauka ya hayo, waliitumia kuandikia silabi *an* na *il* katika maneno yasiyohusiana kamwe na mbingu wala miungu.

Je, msomaji wa kale alipotea? La hasha! Muktadha ulimwongoza, nao waandishi walimsaidia: ishara hiyo ilipofuatwa na silabi *lum*, ilibainika kuwa neno lililokusudiwa ni *ilum*. Aliyeijua lugha alisoma. Aliyezijua ishara tu alikwama.

Wingi huu wa maana uliwafanya baadhi ya watu wa karne ya 19 kushuku kwamba wasomaji wa kikabari walikuwa wakibuni tu. Mnamo 1857, Royal Asiatic Society ya London ililinganisha tafsiri za maandishi ya mfalme Tiglath-Pileser wa Kwanza, zilizofanywa na Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, kila mmoja kivyake. Tafsiri hizo zilioana katika mambo ya msingi, na shaka ikapungua mno.

Suala hili linawagusa wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Wahenga wa pwani nao waliazima hati, ile ya Kiarabu, yenye alama tatu tu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada ya kale, herufi *ba* iliweza kusimamia *b*, *p* au *mb*, na alama moja ikasimamia *i* na *e*. Hivyo *penda* na *pinda* yaliweza kuandikwa kwa umbo lilelile. Aliyenukuu utenzi kwa herufi za Kirumi alilazimika kuchagua, na chaguo lake ndilo linalosomwa madarasani leo kana kwamba ni kauli ya mtunzi mwenyewe.

Hapa ndipo penye hatari. Mhakiki asiyeweza kuurejelea mswada huhakiki uamuzi wa mnukuzi bila kujua. Ni sharti, basi, hati ya Kiarabu ifunzwe katika idara za Kiswahili pamoja na fasihi iliyoandikwa kwayo. Wasomi wa ughaibuni wamejifunza kusoma vigae vya udongo vya lugha zilizokufa. Itakuwa aibu iwapo wenye lugha iliyo hai watashindwa kusoma karatasi za babu zao.