Rasmi kwa Jina

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni rasmi pamoja na Kiingereza. Alhamdulillahi. Lakini nendeni mahakamani, Mombasa au Lamu, siku ya kesi ya shamba. Bibi asiyejua ila Kiswahili mara nyingi husomewa hukumu kwa Kiingereza, akamngoja karani amfasirie kwa lugha iliyo rasmi! Mgeni kutafutiwa mkalimani ni haki, mwenyeji je? Karani akiteleza neno moja, siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi zikampita, shamba limekwenda. Bungeni Kiswahili kiliingia mwaka 1974, na miswada huandikwa Kiingereza vilevile. Twataka hukumu iandikwe kwa lugha zote mbili, na nakala atiwe mkononi mwenye kesi, akasomewe na wanawe nyumbani.