Video ya Kufundishia, Si ya Kufukuzia



Mtu akifikishwa hospitali amebanwa na mabehewa, pumzi hana, daktari kijana hapati nafasi ya kufungua kitabu. Mkono wake umejifunza wapi? Zamani ulijifunzia juu ya mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi mgonjwa huyo ni maskini kama sisi.

Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, fundi wa vitu vya kuchezea watoto, alitoa sanamu ya mtu ya kujifunzia kumpulizia mgonjwa pumzi. Katika miaka ya 1980 David Gaba na wenzake wa Stanford, Marekani, wakalaza sanamu katika chumba cha upasuaji: mitambo yaonyesha moyo wazimika, madaktari wahangaika, video yachukua yote. Kisha hukaa pamoja kuitazama, kwa mfano waliouchukua kwa marubani. Nani alitoa amri? Nani aliona kosa akanyamaza? Hapo ndipo penye mafunzo hasa.

Lakini twasema wazi: video hizo zisipelekwe ofisini kumtafutia mtu barua ya kufukuzwa. Sisi wa reli twajua. Siku daftari la makosa linapogeuzwa fimbo, makosa huacha kuandikwa, wala hayaachi kutendeka. Madaktari wakidai ulinzi huo, sisi tu upande wao.

Na wauguzi waingizwe katika mazoezi hayo tangu mwanzo. Usiku, ndio wanaotupokea mlangoni.