ZA KUAMBIWA CHANGANYA NA ZAKO: TUNAUELEWA MSEMO HUU?



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya swala ya Isha kijana mmoja hapa Msata alinifuata na swali la mirathi. Baba yao amefariki, ameacha shamba, na yeye anataka dada zake wawili wasipate kitu. Nikamwambia, mwanangu, Suratun Nisaa aya ya 11 imeshagawa: wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, lakini wa kike hakosi. Akatabasamu, akasema, "Sawa shekhe, lakini za kuambiwa nachanganya na zangu." Akavaa ndala zake akaenda. Sitamtaja, akisoma hapa atajijua.

Nimelala na neno lile. Msemo kamili ni "akili za kuambiwa, changanya na zako." Wazee wetu wanausema, ila ulivuma nchi nzima mwaka 2010, pale jirani yetu wa Msoga, Rais Kikwete wakati huo, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam kuhusu mgomo wa wafanyakazi uliotangazwa na TUCTA. Ndipo na ndege mbayuwayu akapata umaarufu, mpaka leo wengine husema za mbayuwayu changanya na zako. Waingereza nao wana wao, wa kupokea habari pamoja na punje ya chumvi. Wengi huurudisha kwa Pliny, Mroma wa kale, aliyeandika juu ya dawa ya kuzuia sumu iliyotiwa punje ya chumvi. Kila watu na jiko lao.

Sasa tazama neno "changanya". Halikusema tupa. Mama anayekanda maandazi hamwagi maji akabaki na unga mkavu akasema amechanganya. Ulichoambiwa kinabaki ndani ya bakuli. Na ili uchanganye, lazima na wewe uwe na chako cha kutia.

Nilipokuwa madrasa, miaka ya themanini mwanzoni, ilitufikia karatasi ya "wasia wa Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume". Ati ameota ndoto, na atakayeinakili na kuisambaza atapata kheri, atakayeipuuza atafikwa na balaa. Tuliinakili kwa mkono mpaka vidole vikauma, kwa hofu. Karatasi ile Sheikh Rashid Rida alishaikanusha zamani Misri, na Sheikh Ibn Baz akaikanusha tena Saudia, naye si mtu wa kusemwa kwamba hampendi Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Leo inakuja kwenye simu, na wanaonitumia ni watu wazima. Hapo ndipo pa kutia akili zako! Dini gani inategemea kufowadi?

Lakini nisiwacheke wenzangu. Mwaka juzi kijana mwaminifu, mswalihina, alinipigia simu alfajiri kwamba mzee wetu mmoja amefariki hospitali. Nikawasha spika ya msikiti nikatangaza. Watu wa Lugoba wakakodi Noah, binti yake akaanguka akazimia uani. Saa 3 asubuhi mzee akapiga simu mwenyewe, anaomba aletewe uji. Aliporudi aliniuliza, "Imamu, kaburi langu mmelifukia au bado liko wazi?" Watu walicheka. Mimi sikuweza kumtazama binti yule usoni kwa wiki nzima.

Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tukijiwa na habari na fasiki, tuihakiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi nilikuwa najifichia kwenye neno fasiki. Yule kijana si fasiki! Ni kweli, lakini naye aliambiwa, na aliyemwambia aliambiwa. Wanachuoni wa hadithi hawakuishia kwa msimulizi wa mwisho. Walimuuliza kila mmoja katika mlolongo, nani kakupa, mlikutana wapi, kumbukumbu yake ikoje. Siku hizi sitangazi kifo mpaka nimeongea na mwenye maiti.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimfuata kesho yake nikamuuliza, hizo "zako" ulizochanganya umezitoa wapi? Akafikiri. Kumbe kaambiwa kijiweni kwamba shamba la ukoo haliendi kwa mwanamke aliyeolewa. Za kuambiwa vilevile! Amechukua za kuambiwa za Allah akazimwaga, akabaki na za kuambiwa za kijiweni, kisha akaziita zake kwa sababu zinampa ekari zote.

Amekubali tukae Ijumaa baada ya swala, yeye, dada zake na mama yao, na karatasi ya kupigia hesabu. Tuombeeni.

Wallahu a'lam.