Kalamu za Mlimani zapaswa kushangiliwa

Tangu Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa ya Mwalimu, waandishi wetu wana sherehe yao: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mshindi hapewi fedha tu. Mswada wake huchapishwa na kupelekwa shuleni. Hilo la pili ndilo kubwa, maana miswada mingi mizuri huozea kabatini kwa kukosa mchapishaji.

Hongera kwa washindi wote. Hongera pia kwa wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaoandika bila kutuzwa. Panda basi la mwendokasi asubuhi pale Kimara Mwisho, utamwona mmoja wao: kabanwa mlangoni, mkono mmoja kashika bomba, wa pili unamalizia ubeti kwenye simu kabla hajashuka Ubungo.

Tusimwone mdogo. Ebrahim Hussein na Euphrase Kezilahabi, wote waliosoma chuo hichohicho, walikuwa hawajafikisha miaka 30 walipotoa Kinjeketile (1969) na Rosa Mistika (1971), vitabu ambavyo hadi leo fasihi yetu haielezeki bila kuvitaja.

Kwa hiyo tunakiomba chuo kiwatengee vijana hawa jukwaa la kusomea kazi zao hadharani kila mwaka, wazazi wakialikwa. Na Manispaa ya Ubungo ihakikishe vitabu vya washindi vinafika katika kila sekondari ya Kimara, tena viazimwe, visifungiwe ofisini kwa mkuu wa shule.